Zalio la Ng'ombe na Kuta za Mombasa

Mhadhara uliotolewa Soni, milima ya Usambara, mbele ya walimu, mafundi, wanafunzi na wazazi

 

Kuna karatasi inaanza kuzunguka kutoka safu ya mbele. Ni fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine, kwa hiyo mnisamehe weusi wake. Msihangaike na maandishi. Yameandikwa kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na Kiitaliano chenyewe ni cha miaka 500 iliyopita. Tazameni picha. Kuna mtoto aliyejikunja ndani ya mfuko wa uzazi, kichwa kimeinama, miguu imepishana, na mfuko umepasuliwa kama tunavyopasua tunda la kweme ili kilichomo kionekane. Aliyechora ni Leonardo da Vinci, yapata mwaka 1511, kwa wino na chaki nyekundu. Karatasi yenyewe imehifadhiwa katika kasri la Windsor, Uingereza, pamoja na nyingine zaidi ya 500 za mkono wake.

Mwezi uliopita nilikuwa nayo mezani wakati jirani yangu alipoleta maziwa. Ni mama anayefuga ng'ombe wawili wa kukatiwa majani, kama wengi wenu. Akaweka dumu chini, akaiinua karatasi, akaielekeza dirishani, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto huyu ni wa mtu. Lakini zalio ni la ng'ombe."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Jioni nikafungua kitabu, na kicheko kikanigeukia mwenyewe. Wataalamu wa mwili wa binadamu waliouchunguza mchoro huu wamesema lilelile alilolisema yeye akiwa amesimama mlangoni na harufu ya zizi bado iko kwenye kanga yake. Zalio la binadamu ni moja, pana, la mviringo. La ng'ombe hushika kwa vifundo vingi vilivyotawanyika, na kila aliyewahi kukesha bandani na ng'ombe aliyegoma kulitoa anavijua vifundo hivyo kwa vidole vyake. Leonardo alikuwa amechunguza mfuko wa uzazi wa ng'ombe miaka michache kabla; mchoro wake upo hadi leo. Pale ambapo jicho lake halikufika kwa mwanadamu, akajaza kwa kile ambacho jicho lilikuwa limekiona zizini.

Nilikuwa nimeombwa nizungumze juu ya safari yangu ya kwenda makumbusho kutazama kazi za Renesansi, yaani kipindi kile cha Ulaya, tuseme kati ya 1400 na 1600, ambapo wachoraji walianza kuupima mwili, jengo na mlima kwa macho yao wenyewe. Nilikuwa nimeandaa orodha ya majina makubwa na miaka yao. Nimeiacha nyumbani. Leo nitaifuata sentensi ya jirani yangu, nione inanifikisha wapi.

Kwanza niwe mkweli kuhusu safari. Sikwenda London. Kati ya Novemba 2024 na Machi 2025 kulikuwa na maonyesho makubwa ya michoro ya Italia ya wakati ule katika The King's Gallery, kwenye Kasri la Buckingham: michoro zaidi ya 150 ya wachoraji zaidi ya 80. Niliifuatilia kwa simu, usiku, kwa bando, na mtandao wa Soni mnaujua ukungu ukishashuka. Na hata kama ningepata nauli na viza, michoro ya aina ile haikai ukutani mwaka mzima ikimngoja mtu. Mwanga unaila karatasi na wino wake. Kwa hiyo huonyeshwa miezi michache, katika chumba chenye mwanga hafifu kama wa alfajiri, halafu hurudishwa gizani ndani ya maboksi ikapumzika kwa miaka. Mtu anaweza kusafiri hadi mlangoni pa hazina akaambiwa karatasi aliyoijia imelala.

Basi nikajiuliza swali la mtu asiye na viza: kutoka Soni, Renesansi ya karibu iko wapi? Iko Mombasa. Unashuka kona hadi Mombo, unavua sweta, unapanda basi la Tanga, unalala, asubuhi unavuka Horohoro na kuingia Lunga Lunga, na kabla jua halijazama uko kwenye feri ya Likoni umebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na mtu anayeongea na simu mbili.

Njiani nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, maana safari ya basi ndiyo maktaba ya mwalimu. Nilifikiri kwanza juu ya neno lenyewe. Waitaliano wa wakati ule walikuwa na neno *disegno*, ambalo ni mchoro na papo hapo ni nia, mpango ulio kichwani kabla mkono haujagusa kitu. Kiswahili nacho hakikulala. Rasimu tumeipata Kiarabu, ambako *rasm* ni mchoro. Tukaihamishia kwenye maandishi, na sasa tunasema rasimu ya katiba, tukimaanisha kitu ambacho bado kinaruhusu watu wakibishie. Na kuchora kwetu tangu zamani ni kukata pia: fundi anachora mlango kwa patasi, na ubao ukishakatwa haurudi. Neno moja linabeba mambo mawili, la kujaribu na la kukata shauri. Nilipofika Mombasa ndipo nilipojua kwa nini jambo hili lilikuwa linanisumbua.

Nikafikiri pia juu ya Michelangelo. Mzee yule alipokaribia kufa huko Roma mwaka 1564 alichoma moto michoro yake mingi. Giorgio Vasari, aliyeandika habari za maisha ya wasanii, anaeleza kwamba Michelangelo hakutaka watu waone jinsi alivyohangaika. Alitaka waione kazi iliyokamilika peke yake. Namwelewa. Hakuna fundi anayependa mteja azione mbao alizoziharibu. Lakini moto ule ulituibia kitu. Ukiutazama mchoro wa Renesansi uliosalimika, mara nyingi utakuta mguu umechorwa mara tatu, mkono una kivuli cha mkono mwingine uliokataliwa, bega lilianza juu likashushwa. Mchoraji hakufuta. Karatasi ilikuwa na gharama, na hakuwa anamchorea mtu wa kununua; alikuwa anaulizana na bega. Sanamu na ukuta uliopakwa rangi vinakupa jibu. Swali limo kwenye karatasi.

Wakati mwingine swali linajibiwa vibaya, na hilo nalo lina utamu wake. Wale wa Mambo, ukingoni mwa milima yetu, wakitazama chini wanaona tambarare za Mkomazi, ambako faru weusi wanalindwa ndani ya uzio. Mwaka 1515 faru mmoja kutoka India aliletwa kwa meli hadi Lisbon. Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nürnberg, hakumwona. Alipata maelezo na mchoro kutoka kwa waliokuwa huko, akakaa, akamchora kwa wino, kisha mchoro ukachongwa kwenye ubao wa kuchapia, na picha ile ikaenea Ulaya nzima. Faru wake amevaa ngozi kama mabati yaliyopigwa misumari, na mgongoni, karibu na shingo, ameoteshwa kapembe ka pili ambako faru yeyote angekashangaa. Kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu walimjua faru kwa mchoro wa mtu ambaye hakuwahi kumwona hata mmoja. Tofauti na Leonardo iko hapo. Leonardo alikosea kwa sababu alikuwa ameona kitu kingine kwa karibu mno. Dürer alikosea kwa sababu alisikia, na mkono wake ulikuwa hodari kiasi kwamba hakuna aliyeshuku. Mimi namwogopa zaidi huyu wa pili, na walimu wenzangu mnajua kwa nini.

Sasa Mombasa.

Fort Jesus, au Ngome ya Yesu, ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa amri ya Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Wareno walikuwa wameshaichoma Mombasa zaidi ya mara moja, kuanzia mwaka 1505, na kila mara mji uliinuka tena. Sasa wakaamua kukaa. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano, mhandisi mkuu wa ngome za Wareno upande huu wa Bahari ya Hindi. UNESCO ilipoiingiza ngome hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, sababu moja ilikuwa umbo lake: linafuata wazo la Renesansi kwamba uwiano kamili unapatikana katika mwili wa binadamu. Kuna kiwiliwili. Kuna buruji nne, São Filipe, São Alberto, São Matias na São Mateus, ambazo ni mikono na miguu. Kichwa kimeelekezwa baharini.

Milano ndiko Leonardo alikofanya kazi miaka mingi, na ndiko alikochora, yapata 1490, yule mtu uchi aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, ambaye wengi wenu mmemwona kwenye fulana. Sisemi kwamba Cairati aliishika karatasi ile. Nasema kwamba karne moja baadaye, mtoto wa mji uleule alikuja kumlaza mtu wa namna hiyo juu ya mwamba wa Mombasa, akiwa amejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Nililipa kiingilio (sisi wa Afrika Mashariki tuna bei yetu, bebeni vitambulisho), nikaingia, nikamtafuta mtu huyo saa nzima. Hayupo. Ukiwa ndani unaona uwanja wenye jua kali, mizinga iliyolala, mwembe, kuta nene, na kona zinazojitokeza mahali usipozitarajia. Mtu anaonekana kwenye ramani iliyobandikwa, na labda kwa mwewe anayezunguka juu. Waliopita humu wakibeba mawe, waliokufa humu kwa homa, waliofungwa humu Waingereza walipoifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, hakuna aliyetembea ndani yake akahisi kwamba yuko begani au yuko nyongani.

Sitaki mnielewe vibaya. Kona zile zina akili. Kila buruji inautazama ubavu wa mwenzake, ili adui asipate hata hatua moja ya ukuta ambayo mzinga hauifikii. Fundi ujenzi akisimama pale atavua kofia. Ni hesabu ya bikari na rula, safi kabisa. Lakini ule ni mstari wa aina nyingine. Mchoro wa Leonardo, pamoja na zalio lake la ng'ombe, ulikuwa unauliza. Mchoro wa Cairati ulifika Mombasa ukiwa umeshaamua. Mwamba ukachongwa uufuate, waashi wakaletwa kutoka India, watu wa pwani wakabeba. Na kwa hesabu zake zote za mizinga haukujua jambo dogo moja. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni akamuua kapteni wa Kireno na kuitwaa. Hakuruka handaki wala kubomoa ukuta. Aliingia kwa mlango, kama mgeni anayefahamika.

Wazee mliokuwa watoto miaka ya 1950 mnaujua mstari wa namna hiyo. Nyinyi mliuita matuta. Mpango wa Usambara wa kuzuia mmomonyoko ulianzia Mlalo mwaka 1946, ukasambazwa milimani kote. Ofisini mtu alichora mistari juu ya ramani ya mlima. Mstari ukishuka shambani unageuka tuta, na asiyelichimba anatozwa faini. Mmomonyoko ulikuwepo, sibishi. Mito yetu ilikuwa inashuka nyekundu. Lakini aliyechora hakuwahi kulima mteremko wa Vuga kwa jembe la mkono, na waliochimba wengi walikuwa wanawake, ambao hakuna aliyewauliza maji hupita wapi mvua za masika zikianza. Watu walikataa, wakakataa tena, na kabla ya uhuru serikali ya kikoloni ikaachana na mpango huo. Leo kingo za mashamba zimeoteshwa majani ya guatemala kwa hiari, mkulima akijaribu hapa, akihamisha pale. Ng'ombe wa jirani yangu anazila hizo kingo. Nikisimama daraja la Soni nikatazama juu, naona mlima uliojaa mistari iliyochorwa polepole na watu wengi, na mingi kati yake imewahi kusogezwa.

Turudi ngomeni, maana nilichokwenda kukitazama hasa bado sijakigusa.

Miaka ya 1950 na 1960, mwanaakiolojia James Kirkman alipokuwa akichimbua na kuitayarisha ngome iwe makumbusho, kwenye lipu ya buruji ya São Mateus zilionekana picha. Leo zinaonyeshwa ndani ya ngome. Zimechorwa kwa mkaa na kwa udongo mwekundu, vitu viwili ambavyo mtu anavipata jikoni na njiani. Waliozichora ni Wareno wa karne ya 17, mabaharia na askari, wengi wao bila shaka watu wasiojua kusoma, ambao majina yao hakuna aliyeona haja ya kuyaweka. Kuna meli. Kuna samaki. Kuna watu.

Nilikaa mbele ya ukuta ule hadi mlinzi akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia natazama. Akaleta kiti chake akanipa, na yeye akasimama, tukatazama wote. Nilitoa daftari na penseli nikaanza kunakili meli moja, na ndipo nilipoanza kuiona, maana jicho peke yake huteleza na mkono hukwama. Nilikwama kwenye kamba. Nilichora kamba ya mlingoti ikaning'inia hovyo. Yule baharia kamba yake imevutwa, unajua imefungwa wapi na inazuia nini. Watu aliowachora ni wa kitoto kabisa, mstari wa kiwiliwili na kichwa. Lakini kamba hazimshindi. Alikuwa ameivuta kamba ile kwa viganja vyake tangu Lisbon hadi Goa, labda imemchuna ngozi, na sasa amekaa Mombasa akingoja upepo ubadilike, ana homa, hana mtu wa kumwandikia barua, na hata akiwa naye hawezi kuiandika. Anaokota kijiti cha mkaa. Anaichora meli itakayomrudisha, au iliyomleta. Sijui kama kwake zilikuwa mbili.

Huyo hakuwa bingwa. Hakuna kitabu cha historia ya sanaa kinachomweka karibu na Leonardo. Mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mlinzi, niliona kazi yake iko karibu na karatasi ya Windsor kuliko ilivyo ramani ya Cairati, ingawa ukuta aliochorea umo ndani ya ramani hiyo, mkononi au mguuni mwa yule mtu mkubwa asiyeonekana. Leonardo alichora mpaka pale mkono wake ulipokuwa umewahi kugusa, kisha ng'ombe akaingia. Baharia naye alichora mpaka pale mkono wake ulipokuwa umewahi kushika, kisha utoto ukaingia. Mpaka wa kile mtu anachokijua unaonekana kwa macho, kama alama ya maji kwenye ukuta baada ya mafuriko.

Nikamuuliza mlinzi kama anazipenda. Akasema anazopenda zaidi ni za kwetu. Alikuwa anazungumzia majahazi yaliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu au msumari kwenye lipu ya chokaa katika magofu ya pwani, Gedi upande wa Kenya, Kilwa na Songo Mnara upande wetu. Nimeziona picha zake tu, na nitakwenda Kilwa Mungu akipenda. Waliokwaruza walikuwa watu wa pwani, na wao pia kamba hazikuwashinda. Hivyo kuna kuta mbili zinazotazamana kwenye bahari moja, na kwenye zote mbili mtu aliyefika nchi kavu ameona jambo la kwanza la kuchora ni chombo.

Kuna mchoro mmoja zaidi niliokuwa nao kwenye daftari siku ile, nimeubandika kwenye jalada la ndani. Mwaka 1521, Dürer yuleyule wa faru alikuwa Antwerp. Katika nyumba ya wakala wa biashara wa mfalme wa Ureno alimkuta msichana Mwafrika aliyekuwa akitumika humo. Akamchora kwa kalamu ya fedha, ambayo ni ncha ya madini ya fedha inayoacha mstari mwembamba usiofutika, ukikosea umekosea. Amefunga kitambaa kichwani, macho ameyashusha. Juu ya karatasi Dürer aliandika jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Karatasi iko Florence, kwenye jumba la Uffizi. Safari hii Dürer hakusikia habari za mtu. Alikaa mbele yake, na hakuna pembe ya ziada popote. Lakini macho yale yaliyoshushwa siwezi kuyapita haraka. Hatuna mchoro wa Katharina kumhusu Dürer. Na kwa wengi waliobeba mawe ya Fort Jesus hatuna hata jina na umri kwenye ukingo wa karatasi. Nimeyazunguka makumbusho yale nikitafuta uso mmoja wao. Kama upo, haukuwekwa mahali nilipopita.

Vijana, mtaniuliza haya yote yanawahusu nini, na mimi nina deni la kuungama. Nimefundisha miaka mingi, na kwa miaka mingi nimekata alama kwa sababu ya uchafu. Mtoto analeta mchoro wa moyo wa chura au wa pampu ya maji, mistari miwili miwili, penseli imezidi, na mimi naandika kwa wino mwekundu: Futa, chora upya, tumia rula. Anayeleta mstari mmoja safi, alioufuatisha kutoka kitabuni kwa karatasi ya mafuta, nampa tisa kwa kumi. Nilikuwa nalea kina Cairati wadogo bila hata hesabu zake. Yule mwenye mistari miwili miwili alikuwa anauliza moyo ulivyo, na mimi nilimfundisha afiche swali lake, kama Michelangelo na moto wake. Baadhi yenu mko humu ukumbini na mna watoto sasa. Niwieni radhi.

Na nyinyi mafundi. Fundi seremala wa hapa sokoni alinitengenezea rafu ya vitabu. Alikuja na penseli sikioni, akachora rafu yote kwenye kipande cha ubao chakavu, akakifuta kwa kiganja, akachora tena, akanigeukia: "Mwalimu, vitabu vyako virefu viko vingapi?" Nikavihesabu. Akasogeza mstari. Rafu ilipokamilika alikitupa kile kipande kwenye takataka za randa, nikakiokota, akanicheka. Ninacho kwenye dirisha la sebule. Mgeni akiingia hukitazama kabla ya kuitazama rafu.

Kama mtakwenda Mombasa, na natumaini shule itapanga safari, sina ushauri mwingi. Msizunguke vyumba vyote. Vyombo vya kauri vilivyotoka kwenye meli ya Kireno Santo António de Taná, iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira, ni vizuri mno, na vinaweza kuwalia saa mbili. Vipeni nusu saa. Chagueni meli moja ukutani. Mnakili kwa penseli, bila ufutio. Mkikwama, kumbukeni mlikwama wapi.

Namaliza kwa karatasi ya pili. Niliporudi kutoka safari nilimwambia jirani yangu kwamba wataalamu wanakubaliana naye. Hakushangaa, aliuliza kama wataalamu hao wanafuga. Nikamwomba anichoree zalio la ng'ombe jinsi lilivyo. Akasema yeye hajui kuchora, na huku akivuta kiti na kunyoosha mkono achukue kalamu yangu. Alichora duara, akalikata. Akachora tena, akalikata. Mara ya tatu aliweka kalamu chini, akafumba macho, akavichezesha vidole hewani kana kwamba mkono umeingia mahali penye giza na joto, akasema, "Ngoja. Hapa kinashika hivi, halafu kinaachia upande huu." Kisha akachora bila kusimama, kifundo baada ya kifundo, kila kimoja na ukubwa wake.

Naona karatasi hiyo ya pili imeshafika kwa wale waliosimama mlangoni. Ni karatasi ya daftari, imechakaa kidogo na ina doa la maziwa kwenye kona. Yale maduara mawili yaliyokatwa juu ni ya kwake pia. Aliye karibu na dirisha aielekeze kwenye mwanga, na asiyeona asogee.